Kibubu cha chupa: Namna ya kukadiria sarafu zilizomo bila kukikata

Haba na haba hujaza kibaba. Katika nyumba nyingi siku hizi kibaba hicho ni chupa ya plastiki ya maji iliyotobolewa tundu ubavuni, imewekwa juu ya kabati au chini ya kitanda, na kila jioni huangushwa humo sarafu mbili tatu. Kibubu cha namna hii kina sheria moja: hakifunguliwi mpaka siku yake ifike. Ukishakikata, pesa hutawanyika.

Tatizo linakuja pale mwenye kibubu anapotaka kujua kama pesa iliyomo inatosha. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, mtoto anahitaji sare, madaftari na godoro la bweni. Je, akikate sasa au asubiri? Akikikata kabla ya wakati, fedha isiyotosha itaishia kwenye chumvi na vocha. Akisubiri bila kujua, muda unaweza kumkuta hajajiandaa kutafuta kilichopungua.

Katika makala haya tunaeleza njia za kukadiria idadi ya sarafu zilizomo kwenye chupa bila kuifungua. Hazihitaji elimu kubwa. Unachohitaji ni maji, rula ya mwanafunzi, mizani ya dukani na kikokotoo cha simu, ambacho hata kitochi kinacho.

Sarafu tunayoitumia kama mfano

Tumechagua sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania, kwa sababu ndiyo yenye thamani kubwa kati ya zile za matumizi ya kila siku na ndiyo inayowekwa zaidi kwenye vibubu. Benki Kuu ya Tanzania iliitoa mwaka 2014. Upande mmoja ina picha ya Mzee Abeid Amani Karume, upande wa pili ina nyati. Kipenyo chake, yaani upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, ni milimita 27.5, na uzito wake ni gramu 9.5. Imetengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli.

Upana huo ndio sababu chupa ya maji hutobolewa ubavuni. Mdomo wa chupa ya kawaida ya soda au maji ya plastiki una nafasi ya milimita 22 hivi kwa ndani. Sarafu ya 500 haipiti.

Sasa, sarafu moja inachukua nafasi kiasi gani? Tunaweza kulijua hilo kwa njia mbili, kisha tuone kama zinakubaliana.

Njia ya kwanza ni ya vipimo. Nusu ya kipenyo ni sentimita 1.375. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa unene. Tukichukua unene wa wastani wa milimita 2, yaani sentimita 0.2, tunapata mililita 1.19.

Njia ya pili ni ya uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chuma ni kizito kuliko maji karibu mara nane. Kwa usahihi zaidi, mililita moja ya chuma ina gramu 7.85. Gawanya 9.5 kwa 7.85, unapata mililita 1.21.

Majibu hayo mawili yanakaribiana sana. Kwa hiyo tunashika kwamba sarafu moja ya 500 inachukua mililita 1.2 hivi.

Kwa nini chupa haijai chuma kitupu

Mtu anaweza kusema: lita moja ni mililita 1,000, tugawe kwa 1.2, basi lita moja inabeba sarafu 833. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Sarafu 833 zingeenea kwenye lita moja kama zingeyeyushwa na kumiminwa kama uji. Sarafu nzima zikidondoshwa chupani hulala ovyo: moja imelala chali, nyingine imesimama kwa ukingo, ya tatu imeegemea ukuta wa chupa. Katikati yake hubaki hewa.

Jambo hili halihusu sarafu peke yake. Tazama machungwa yaliyopangwa piramidi gengeni. Hata muuzaji ayapange kwa ustadi wote, kati ya machungwa hubaki nafasi. Mwaka 1611 mtaalamu wa hesabu na nyota, Johannes Kepler, alisema kwamba hakuna namna ya kupanga vitu vya mviringo kama mpira inayoshinda ile ya piramidi, ambapo vitu hujaza karibu asilimia 74 ya nafasi na hewa huchukua iliyobaki. Ilichukua karibu miaka 400 kabla ya Thomas Hales wa Marekani kutangaza uthibitisho wa hesabu hiyo mwaka 1998. Vitu hivyo hivyo ukivimwaga tu bila kuvipanga, hujaza asilimia 64 hivi.

Sarafu nazo zina tabia yake. Ukizipanga kwa mistari iliyosimama kama zinavyopangwa benki, na mistari hiyo ikabanana vizuri, zinaweza kujaza mpaka asilimia 90 ya nafasi. Lakini zikidondoshwa moja moja kupitia tundu la kibubu, ubapa wake unazifanya ziegemeane na kuacha mapengo makubwa. Kwa kawaida chuma hujaza kati ya nusu na sehemu sita kwa kumi ya chupa. Kilichobaki ni hewa.

Anayenunua mahindi kwa debe analijua jambo hili vizuri. Debe likijazwa bila kutikiswa, mahindi yanaonekana yamefika juu. Litikise kidogo, yanashuka. Kibubu ni hivyo hivyo: kilichobebwa kutoka chumba hadi chumba kwa mwaka mzima kitakuwa kimeshiba zaidi kuliko kilichokaa mahali pamoja.

Njia ya kwanza: kwa ujazo

Tukichukua hali ya katikati, lita moja ya sarafu za 500 zilizodondoshwa ovyo ina sarafu 450 hivi. Hiyo ni namba ya kukaririwa. Sarafu 450 ni shilingi 225,000.

Kwa kuwa hewa hubadilika kutoka chupa hadi chupa, weka nafasi ya kupungua na kuzidi. Lita moja inaweza kuwa na sarafu 410 ikiwa zimelegea, au 500 ikiwa zimeshikana. Kwa fedha, ni kati ya shilingi 205,000 na 250,000.

Kwa chupa zinazojulikana, hesabu inakuja hivi:

- Chupa ya nusu lita: sarafu 225 hivi, shilingi 112,500.
- Chupa ya lita moja na nusu: sarafu 675 hivi, shilingi 337,500.
- Dumu la lita 5: sarafu 2,250 hivi, shilingi 1,125,000.

Hayo ni makadirio ya chombo kilichojaa. Kama hakijajaa, usikisie kwa macho kwamba kimefika nusu au robo tatu. Chupa nyingi zina mabega yaliyopinda na kitako chenye mabonde, hivyo nusu ya urefu si lazima iwe nusu ya ujazo. Fanya hivi: tikisa kibubu taratibu ili sarafu zilale sawa, kisha weka alama ya kalamu pale zilipofika. Chukua chupa tupu ya aina ile ile, weka alama urefu ule ule, ijaze maji hadi hapo, kisha yapime maji hayo kwa kikombe unachojua ujazo wake. Maji hufuata kila kona ya chupa, hivyo huhitaji hesabu ya maumbo.

Njia ya pili: kwa mizani

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza zaidi pale kibubu kinapokuwa na sarafu za aina moja. Hewa haina neno hapa, kwa sababu mizani inapima chuma tu.

Kilo moja ni gramu 1,000. Gawanya kwa 9.5, unapata sarafu 105. Kwa hiyo kila kilo ya sarafu za 500 ni shilingi 52,500 hivi. Kilo mbili ni sarafu 210, shilingi 105,000. Kilo tano ni sarafu 526, shilingi 263,000. Kilo kumi ni sarafu 1,052, shilingi 526,000.

Usisahau kutoa uzito wa chombo. Chupa tupu ya plastiki ya lita moja na nusu ni nyepesi, gramu 50 au pungufu. Chupa ya kioo au kibubu cha udongo ni jambo jingine kabisa: lazima upime kingine kama hicho kikiwa kitupu.

Chagua pia mizani ya kuaminika. Dukani au sokoni tafuta mizani yenye alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani ikikosea gramu 100 tu, umekosea sarafu 10 au 11, na hiyo ni zaidi ya shilingi 5,000.

Mfano mmoja kwa njia zote mbili

Tuseme mama mmoja ana kibubu cha chupa ya lita moja na nusu, chenye sarafu za 500 peke yake. Anahitaji shilingi 250,000. Anaweka alama, anapima maji kwenye chupa nyingine, anapata lita 1.1. Anazidisha 450 kwa 1.1, anapata sarafu 495, yaani shilingi 247,500. Karibu kabisa na lengo!

Lakini akitumia nafasi ya kupungua na kuzidi tuliyoitaja, jibu lake liko popote kati ya shilingi 225,500 na 275,000. Kwa hiyo ujazo peke yake hauwezi kumwambia kama amefika. Umemwambia tu kwamba amekaribia.

Anapeleka kibubu kwenye mizani. Kinasoma kilo 4.55. Anatoa gramu 50 za chupa, zinabaki kilo 4.5. Gramu 4,500 ukigawa kwa 9.5 ni sarafu 473, yaani shilingi 236,500. Sasa anajua: amepungukiwa shilingi 13,500, ambazo ni sarafu 27. Akiweka sarafu moja kila siku, kazi imebaki wiki nne. Kama shule zinafunguliwa wiki ijayo, anajua mapema kiasi cha kutafuta kwingine, na si lazima akope laki nzima kwa hofu.

Tazama jinsi njia hizi mbili zinavyosaidiana. Zikipishana kidogo kama hapa, ni kawaida. Zikipishana sana, kuna jambo. Mizani ikisoma pungufu mno, huenda kibubu kina sarafu ndogo, au karatasi na takataka zimeingia katikati, au mizani yenyewe ina kasoro.

Ukiwa na sarafu nyingine, tumia kikombe

Si wote wanaoweka sarafu za 500. Msikilizaji wa Kenya, Uganda au Burundi ana za kwake. Huhitaji kujua vipimo vilivyotangazwa na benki kuu. Chukua sarafu kumi za aina moja, zipange kama mnara, pima urefu kwa rula na ugawe kwa kumi: huo ndio unene wa sarafu moja. Ukipima sarafu moja peke yake kwa rula, kosa la nusu milimita tu litaharibu hesabu yote.

Au acha rula kabisa. Jaza sarafu kwenye kikombe kwa kuzidondosha, zihesabu, kisha pima kikombe hicho kinabeba maji kiasi gani. Kama kikombe cha robo lita kilibeba sarafu 110, basi lita moja itabeba 440 hivi. Hapo hewa imeshahesabiwa ndani yake.

Kikombe kisiwe kidogo sana. Sarafu zilizo karibu na ukuta hukosa pa kujibana, na kwenye kikombe kidogo karibu zote ziko ukutani. Kikombe cha kahawa kitakupa jibu la chini kuliko hali halisi ya chupa kubwa.

Sarafu zikiwa mchanganyiko

Kibubu chenye sarafu za 50, 100, 200 na 500 pamoja ndicho kigumu zaidi. Chupa mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana thamani mara mbili au zaidi.

Kama unaweza kutoa sarafu chache kupitia tundu, toa kama 50. Zipime uzito na uhesabu thamani yake. Tuseme sarafu hizo zina gramu 400 na thamani yake ni shilingi 11,000. Kama kibubu kizima, pamoja na hizo 50 na bila uzito wa chupa, kina kilo 6, hiyo ni mara 15 ya gramu 400. Zidisha 11,000 kwa 15, unapata shilingi 165,000.

Njia hii inategemea kwamba sarafu ulizotoa zinafanana na zilizobaki. Kibubu kikitikiswa, sarafu ndogo hupenya katikati ya kubwa na kushuka chini. Kwa hiyo kigeuzegeuze kwanza, na usichukue zote kutoka juu. Kama haiwezekani kutoa hata moja, njia ya uhakika ni kuanza upya na daftari: kila unapoweka, andika.

Wengi wakikadiria pamoja

Katika mahafali au harambee huwekwa wakati mwingine chupa ya sarafu mezani, na anayekadiria karibu zaidi anapata zawadi. Hapo huruhusiwi kugusa. Linganisha chupa na nyingine unayoijua, kadiria lita zake, zidisha kwa idadi ya sarafu katika lita moja. Usihesabu zile za kitako na kuzidisha kwa urefu, maana sarafu hazikulala kwa tabaka. Kumbuka pia kwamba kioo kinene huifanya chupa ionekane kubwa kuliko nafasi iliyomo ndani.

Kuna njia nyingine ya kushangaza: kuchukua makadirio ya watu wengi. Mwaka 1906 mtafiti Mwingereza Francis Galton alikuwa kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, ambako watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Alipata karatasi 787 zinazosomeka. Alipoyapanga makadirio kutoka dogo hadi kubwa, lile la katikati lilikuwa ratili 1,207, sawa na kilo 547. Uzito halisi ulikuwa ratili 1,198, kilo 543. Kosa halikufika hata moja kwa mia.

Mwaka 1987 Mmarekani Jack Treynor alichapisha jaribio kama hilo alilofanya darasani kwa chupa yenye peremende 850. Wastani wa wanafunzi 56 ulikuwa 871, na mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyekaribia kuliko wastani huo.

Sababu ni kwamba wanaozidisha na wanaopunguza hufidiana. Lakini kuna sharti: kila mmoja akadirie peke yake na aandike kabla ya kusikia wengine. Mwenyekiti au mzee akitaja namba kwanza kwa sauti, wengine watamfuata, na hapo huna tena makadirio ya watu hamsini. Una ya mtu mmoja yaliyorudiwa mara hamsini.

Pale fedha inapobadilisha mikono

Makadirio yanafaa kupanga mambo. Hayafai kulipana. Mtu akikuambia, "Nipe kibubu chako hivyo hivyo nikupe laki mbili taslimu, usijisumbue kuhesabu," jiulize kwa nini yeye hataki kihesabiwe. Kipeleke kwenye mizani kwanza. Kibubu cha kilo 6 za sarafu za 500 kina zaidi ya shilingi 315,000.

Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lifunguliwe na kuhesabiwa mbele ya wanachama, hata kama uzito wake unajulikana. Uzito hutumika vizuri kama ulinzi: pimeni sanduku wakati wa kufunga, andikeni, pimeni tena kabla ya kufungua. Ukipungua, mnajua kabla ya kuanza kulaumiana.

Siku ya kukata ikifika, panga minara ya sarafu 20. Kila mnara wa sarafu za 500 ni shilingi 10,000, na minara mitano ni 50,000. Iweke kando kwa kando: mnara uliopungua sarafu utaonekana mfupi kuliko wenzake. Wenye maduka na makondakta wa daladala huhitaji chenji kila siku, hivyo kubadilisha sarafu kuwa noti huwa si kazi ngumu.

Kwa ufupi

- Lita moja ya sarafu za shilingi 500 ni sarafu 450 hivi, shilingi 225,000. Inaweza kuwa kati ya 205,000 na 250,000.
- Kilo moja ya sarafu hizo ni sarafu 105, shilingi 52,500 hivi. Toa kwanza uzito wa chombo.
- Kwa sarafu nyingine, jaza kikombe, hesabu, pima maji ya kikombe hicho.
- Kwa mchanganyiko, pima sampuli ya sarafu 50 kwa uzito na thamani.
- Ujazo unakuambia umekaribia. Mizani inakuambia umebakiza kiasi gani.
- Kabla ya kumpa mtu kibubu, kihesabu.

Na kama kibubu chako ni dumu la lita 5, usilibebe likiwa limejaa kwa kushika mkono wake peke yake. Sarafu 2,250 zina uzito wa zaidi ya kilo 21, na plastiki ile ilitengenezwa kubeba kilo 5 za maji.